Simu ya Katibu wa Sungusungu

TANGAZO KWA UMMA. Mimi, Festo Eliya Kasanda, mwanafunzi wa kidato cha tano, mtetezi wa faragha ya binadamu, mlezi wa siri za wanyonge na mwandishi pekee wa kumbukumbu hizi tukufu, nawatangazia wananchi wote wa Tabora, Nzega na Sikonge, na popote pale gazeti hili linapofungia maandazi, kwamba siku ile, mbele ya dola na vyombo vyake vyote, sikutetereka.

Mwisho wa tangazo.

Sasa ukweli. Nilitetereka. Goti la kushoto lilianza, la kulia likaitikia, na benchi nililokalia likawa linagonga ukuta kama mgeni anayepiga hodi.

"Tulia, kijana," alisema Inspekta Awadhi bila kugeuka. "Hakuna aliyekugusa."

Bado, nilisema moyoni.

Tuliachana wiki iliyopita, kituo cha polisi Tabora, pale inspekta alipoweka mezani kile kisanduku cheusi. Sasa alikifungua. Kilikuwa kidogo tu, saizi ya redio ya mkulima, chenye waya mmoja na kioo cha namba za kijani. Alichukua simu ya shangazi yangu Paskazia, akaifuta vumbi kwa kitambaa chake mwenyewe, akaichomeka.

"Mama," alisema kwa upole wa mtu anayemkaribisha mgeni chai, "hiki kisanduku hakina haraka. Kikifika mia, simu itafunguka. Utake usitake."

Kioo kikaandika: 3.

Kwa wewe uliyeliokota gazeti hili njiani, ngoja nikuvushe haraka. Kwetu Bukene kuna sungusungu, walinzi wa jadi wa kijiji, na sungusungu wana mwano. Mwano ni yowe la hatari. Ukiusikia unaacha jembe, unaacha ugali, unaacha hata mke aliyeshikwa na uchungu, unakimbia. Asiyetoka hutengwa. Haazimwi moto, hasalimiwi, na akifiwa anachimba kaburi peke yake.

Zamani mwano ulipigwa kwa mdomo na filimbi. Siku hizi unapigwa kwa simu, katika kundi la siri, kwenye programu inayofunga ujumbe kiasi kwamba hata walioitengeneza hawawezi kuusoma. Wazee waliipenda hiyo, maana wezi wa ng'ombe nao wana simu. Katibu wa kundi ni shangazi, kwa kuwa ana mwandiko mzuri na simu yake haizimiki ovyo.

Jumanne moja ya mwezi wa sita, saa nne asubuhi, mtu aliyejiita Mlinzi aliandika kundini: "Mwano! Ng'ombe wanavushwa reli, upande wa kaskazini!"

Wanaume sitini na wanne walikimbia kilometa tatu na pinde zao. Relini hapakuwa na mwizi. Hapakuwa hata na alama ya kwato. Mzee Damas, miaka sabini na moja, aliteleza kwenye daraja dogo akavunjika paja, na mpaka leo amelala hospitali mguu juu.

Na wanaume waliporudi nyumbani, Jenifa hakuwepo.

Jenifa ni binti wa Ngassa, kamanda wa sungusungu wenyewe. Ana miaka kumi na sita. Alikuwa aolewe Jumamosi ile, na mtu ambaye mwanawe wa kwanza ni mkubwa kuliko yeye.

Mlinzi ni nani? Wiki tano sasa nimewatisha na swali hilo. Nimemwita kivuli. Nimemwita jini wa reli. Programu ile haionyeshi namba, inaonyesha jina la kujipachika tu. Namba anaijua aliyemwingiza kundini, yaani katibu, na imo ndani ya simu iliyochomekwa waya.

Humo humo mna jambo la pili, ambalo inspekta hakulijua ila sisi wawili tulilijua. Mna mahali alipo Jenifa. Asubuhi ile ya mwano alimkimbilia shangazi zahanati akiwa na ndala mguu mmoja, na usiku ule mimi ndiye niliyempeleka Ipole, kule Sikonge, kwa Mama Consolatha mrina asali. Simu ikifunguka, Jenifa anarudishwa. Na aliyekuja kumchukua alikuwa ameshakaa chumbani mle mle, kiti cha karibu na dirisha, fimbo katikati ya magoti.

"Mwangaluka, mama katibu," Ngassa alimwambia shangazi.

"Mwangaluka, kamanda."

Walisalimiana vizuri tu. Ndicho kilichonitisha.

Kioo: 14.

"Nisaidie nisikusumbue," alisema Inspekta Awadhi. Ni mtu wa mjini Tabora kabisa, mwembamba, ana ndevu zilizochongwa kama kwa rula. "Nipe namba ya siri, tumtafute Mlinzi, urudi zako Bukene na treni ya jioni."

"Hati yako nimeisoma, afande," alisema shangazi. "Inasema nikupe simu. Nimekupa. Haisemi nikupe na kichwa changu."

"Mtoto wa watu kapotea."

"Najua."

"Mzee wa watu kavunjika."

"Najua. Nimemwosha mimi mwenyewe juzi."

"Angekuwa mwanao aliyepotea, ungetaka nifungue simu ya nani?"

Shangazi ni mhudumu wa afya ya jamii, ana tabia ya kufikiri kabla ya kusema. Tabia hiyo katika ukoo wetu iliishia kwake.

"Angekuwa mwanangu," alisema, "kwanza ningejiuliza amekimbia nini."

Fimbo ya Ngassa ilisogea sakafuni. Sentimeta mbili tu.

"Afande, wanawake wa kata nzima wananiandikia humo," shangazi aliendelea. "Mwenye ugonjwa asiotaka mumewe aujue. Aliyepigwa. Aliyebeba mimba asiyoitaka. Unataka jina moja, lakini ukifungua umefungua wote. Na atakayesoma ni nani? Wewe peke yako? Na huyu aliyekaa hapo?"

"Mzee Ngassa ni mlalamikaji."

"Ndiyo maana nauliza. Mlango ukiutoboa ili askari achungulie, tundu haliulizi cheo cha jicho."

Nikaona saa yangu imefika. Nilisimama. Nilikunja ngumi kifuani kama kwenye mdahalo wa bweni.

"Afande! Ibara ya kumi na sita ya Katiba yetu inasema kila mtu anastahili kuheshimiwa faragha yake, na mawasiliano yake! Dola inayochungulia simu ya raia leo, kesho—"

"Endelea na kifungu kidogo cha pili," alisema Inspekta Awadhi.

"Naam?"

"Cha pili. Kinasema nini?"

Cha pili sikuwahi kukisoma. Mtihani uliuliza cha kwanza.

"Kinasema sheria itaweka utaratibu wa lini faragha hiyo inaweza kuingiliwa. Kaa chini."

Nilikaa. Benchi likaanza tena kupiga hodi.

Kioo: 29.

"Babu yake babu yangu," alisema shangazi, taratibu, kama anayejizungumzia mwenyewe, "alikuwa mpagazi. Aliondoka hapa hapa Unyanyembe na mzigo kichwani mpaka Bagamoyo, miezi mitatu. Mzigo umeshonwa. Alilala nao njaa, alivuka nao mito, na hakuufungua. Kwetu mzigo wa mtu haufunguliwi njiani, afande. Na mimi nimetwishwa."

Nilimtazama inspekta. Nilidhani amekwisha.

"Hata babu zangu walikuwa njia ile, Mama," alisema. "Wao ndio walioshona mizigo. Na ya kurudi kutoka pwani, mingine ilikuwa na baruti. Mpagazi hakujua, kweli. Aliyekuja kupigwa na baruti ile ndiye aliyejua."

Nje, bajaji ilipiga honi, mtu akacheka, na vyote vilisikika kama vitu vya nchi nyingine.

Kioo: 41.

Ndipo inspekta alipouliza lile swali polepole, akiinama.

"Mama Paskazia. Mlinzi ni nani?"

"Sisemi."

"Husemi au hujui?"

"Nimesema sisemi."

Na hapo, ndugu msomaji, shangazi aliniangalia. Mara moja tu, kama mtu anayetazama kama sufuria imechemka. Mimi nilitafsiri kwamba ananipongeza kwa hotuba yangu. Nikamkonyeza.

Alifumba macho.

"Basi tusubiri," alisema inspekta. Alivuta jalada la kesi, akatoa daftari la kurasa mia moja lenye jalada la bluu. "Wakati kisanduku kinafanya kazi, na sisi tufanye. Nahitaji kuwaandikia mashahidi wito. Hili ni daftari la mahudhurio ya mwano ule, sivyo?"

"Hilo halina maana, afande," alisema shangazi.

Alilisema haraka mno. Inspekta aliinua nyusi. Mtu aliyekataa saa nzima kwa sauti ile ile, sasa sauti ilikuwa imepanda.

"Halina maana?"

"Siku ile sikuliandika mimi. Nilikuwa zahanati."

"Aliandika nani?"

"Mimi," nilisema, kwa fahari kabisa. Mungu anisamehe. "Mwandiko ni wangu."

Hapa wasomaji wa Dar wanahitaji msaada. Kila baada ya mwano, sungusungu hukusanyika na katibu huandika majina kwa mpangilio wa kufika. Si mpangilio wa alfabeti, si wa umri. Wa kufika. Aliyefika wa kwanza hutajwa wa kwanza, na jina lake husemwa vilabuni mpaka mwano mwingine. Asiyeandikwa, shauri yake, kutengwa kunamngoja. Siku ile, kwa ajili ya Mzee Damas na Jenifa, majina hayakusomwa hadharani. Kwa hiyo aliyeshika kalamu siku ile alikuwa na mamlaka makubwa, na aliyeshika kalamu alikuwa ni mtu anayetoka bweni ambako kila siku anaitwa majina mara tatu na hajawahi hata mara moja kuwa wa kwanza katika jambo lolote.

"Tuanze juu," alisema inspekta. Alivaa miwani. "Mwano ulipigwa saa nne kamili. Wa kwanza kufika relini: Festo Eliya Kasanda."

"Nani?" alisema Ngassa.

Lilikuwa neno lake la kwanza tangu salamu.

"Festo Eliya Kasanda. Huyu kijana. Wa pili, Ngassa—"

"Wa pili?"

Kamanda alisimama. Mtu huyu alivumilia mwanawe kupotea bila kupaza sauti. Alivumilia kukaa saa mbili kwenye kiti cha plastiki. Lakini wa pili?

"Afande, andika. Wa kwanza kufika relini ni mimi. Miaka kumi na minane, mwano wowote, wa kwanza ni mimi. Nilifika, nikazunguka, nikapanda tuta, nikatazama huku, nikatazama huku. Hapakuwa na mtu. Hapakuwa na mbwa!"

"Labda hukumwona."

"Anavaa shati jeupe la shule hata kwenye likizo! Kule ni uwanda, unaona mbuzi wa jana!"

"Basi labda alifika baadaye, akakosea kujiandika."

"Hakufika." Ngassa alinigeukia. Macho yake yalikuwa yanahesabu. "Tulipoanza kurudi na Damas mgongoni, nilimkuta huyu juu ya tangi la maji la stesheni. Nilidhani ametangulia kurudi. Alikuwa amekaa. Alikuwa anacheka."

Kioo: 63. Hakuna aliyekitazama.

Inspekta Awadhi alivua miwani. Hakuja kwangu. Aliongea na meza.

"Sitini na wanne walisikia mwano, wakakimbia, kwa sababu waliuamini. Asiyekimbia anatengwa. Mgonjwa anakimbia. Mzee wa miaka sabini na moja anakimbia. Mtu wa aina gani anasikia mwano, anapanda tangi, anakaa?"

Alilifunga daftari.

"Mtu anayejua hakuna ng'ombe," alijijibu.

Nilifungua mdomo nitaje Katiba. Katiba haikutoka.

"Mwache mtoto," alisema shangazi.

"Mama, kumbe ulijua."

"Mwache."

Nilimtazama shangazi, nikaelewa, kwa uchungu na kwa kuchelewa sana. Aliyeniingiza kundini ni yeye. Mwezi wa sita tarehe mbili, ili nimsaidie kuandika mihtasari. Alinishikia simu yangu wakati najipachika jina. Alisema, "Mlinzi? Wewe? Haya."

Alijua tangu dakika ile ile ya mwano. Alimwosha Mzee Damas akijua. Alipanda treni akijua, akakaa mbele ya kisanduku akijua, na saa zote zile nilipokuwa nahutubia juu ya haki za binadamu, alikuwa amekaa kati yangu na Ngassa kama ukuta.

Wiki tano nimewauzia jini wa reli. Jini ni mimi.

"Afande, ni mimi," nilisema. "Mlinzi ni mimi. Hakuna mtekaji. Hakuna mpango wowote. Kamanda alinifukuza mkutanoni kwa sababu nilicheka, nikataka kuona wazee wakikimbia. Basi. Sikujua kama Mzee Damas ataanguka. Sikujua kama Jenifa ataondoka. Nilitaka tu kucheka."

Neno hilo la mwisho halikuwa la kuchekesha tena.

"Ulicheka?" aliuliza inspekta.

"Mpaka nilipoona wanambeba."

Ngassa alikaa chini. Alikaa polepole, akaweka fimbo mapajani.

"Damas ni mjomba wangu," alisema. "Sikia, kijana. Mwano wa uongo, kwetu, haukuwahi kupelekwa polisi."

Ningependa angeongeza neno.

Shangazi alinyoosha mkono akanishika kisogo, kama alivyokuwa akinishika nilipokuwa na malaria. "Nilitaka uniambie mwenyewe," alinong'ona. "Wiki tano nakusubiri."

Kioo: 88.

"Afande," alisema, sauti yake ile ya kwanza imerudi. "Ulitaka Mlinzi. Umempata, kwa daftari na kalamu. Simu yangu huna haja nayo tena."

Inspekta Awadhi alikitazama kisanduku. 89. Alimtazama Ngassa. 90. Nimekwisha kumsema vibaya sana mtu huyu katika wiki zilizopita, kwa hiyo naandika kwa haki: alishika waya, akauchomoa. Zile namba za kijani zilizimika.

"Nilisema namtafuta Mlinzi," alisema. "Mimi si mchunguliaji."

Akamrudishia shangazi simu yake. Wanawake wa kata nzima, na wasijue, wakapona. Jenifa akapona. Nilivuta pumzi ya kwanza tangu asubuhi.

"Sasa," alisema inspekta, akanyoosha kiganja kwangu. "Lete yako."

"Yangu?"

"Aliyepiga mwano saa nne ndiye anayejua mtoto alipita wapi saa tano. Iko soksi ya kulia. Nami nilisoma bweni."

Alisimama, akainama, akaichomoa mwenyewe kama anayeng'oa karanga.

Mimi sina wanawake wa kata nzima. Simu yangu ina mtu mmoja. Jenifa huniandikia kila siku saa saba mchana, Mama Consolatha akienda msituni kwenye mizinga na kuiacha simu yake. Jana alituma picha. Amesimama mlangoni, ameshika sega la asali, anacheka, na nyuma yake kuna kibao cha shule ya msingi chenye jina la kijiji, herufi kubwa kama za kampeni.

"Fungua," alisema Inspekta Awadhi.

Ngassa alikuwa amesogeza kiti chake.

"Sisemi namba," nilisema. Magoti yalikuwa yametulia. Sijui yalitulia lini. "Nifunge. Nitengeni. Kwa Mzee Damas nitaenda, nitapiga magoti. Lakini hiyo sifungui. Mzigo si wangu."

Shangazi alinitazama kama mtu anayemwona mtu mzima akishuka treni.

"Vizuri," alisema inspekta, bila hasira. "Kesho nitaomba hati ya hii. Leo tuone kama una akili nyingi kama maneno yako." Aliigeuza simu yangu, kioo kikawaka. "Inataka tarakimu nne."

Ndugu msomaji, nimeungama mbele ya polisi, sasa nakuungamia wewe, maana hili sikumwambia hata shangazi. Nimekuhubiria juu ya kufuli zisizovunjika, kwa wiki tano, kwa nathari nzito. Namba ya siri ya Festo Eliya Kasanda, mlezi wa siri za wanyonge, ni moja, mbili, tatu, nne.

Inspekta alibonyeza moja. Akanitazama usoni.

Akabonyeza mbili.